Shajara ya mradi: mikono iliyokwama kwenye Land Rover 109 ya jeshi

Gari na hali yake

Gari ni Land Rover Series III, ile ndefu ya inchi 109, usukani kulia, injini ya petroli ya cc 2,286. Kwenye vitabu vya jeshi la Uingereza hili ni lori, la robo tatu tani, ingawa mtaani kila mtu ataliita Landrova tu. Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Hili letu lina matangi mawili ya petroli, moja chini ya kila kiti cha mbele, kama zilivyo nyingi za jeshi. Yakumbukeni hayo matangi, kwa sababu ndiyo yaliyoamua wapi tutumie moto na wapi tusithubutu.

Limelala uani miaka mingi, si mbali na bahari. Injini inawaka na breki za magurudumu zinashika. Tatizo ni mikono. Mkono mkuu wa gia unaingia gia zote, ila mzito na haurudi wenyewe katikati. Mkono mwekundu, ule wa kuchagua mwendo wa juu au wa chini kwenye transfa (boksi la pili, nyuma ya giaboksi, linalogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma), haujongei hata kidogo. Kitufe cha njano cha kuunganisha magurudumu ya mbele kimezama na hakipandi. Breki ya mkono inavutika lakini haiachii. Pedeli ya mafuta nayo inarudi juu kwa uvivu, na kwa kuwa hiyo ndiyo inayoweza kuua mtu, tulianza nayo ingawa si mkono.

Pedeli ya mafuta

Gari hizi hazina waya wa mafuta. Zina shafti iliyoshikwa na mabano kwenye ukuta wa injini, kisha rodi fupi zenye viungo vya gololi hadi kwenye kabureta. Ukitaka kujua kizuizi kiko wapi, bandua kiungo cha mwisho pale kwenye kabureta na sukuma kipepeo (kibamba kinachofungua na kufunga njia ya hewa) kwa kidole. Cha kwetu kilijifunga mara moja kwa springi yake, kwa hiyo kabureta haina kosa. Tukabandua kiungo kilichofuata, na kingine, hadi tukabaki na shafti peke yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa nzito. Grisi ya zamani ilikuwa imechanganyika na vumbi, ikagandamana ndani ya bushi.

Shafti ilitolewa, ikapigwa msasa namba 240 kisha 400, bushi zikaoshwa kwa mafuta ya taa. Tumerudisha kwa matone ya oili ya injini, si grisi. Sehemu hii ina joto na vumbi, na grisi ndiyo iliyoifikisha hapa.

Jambo la kuangalia wakati wa kurudisha: usikaze mabano yote kabla ya kuzungusha shafti. Kaza bano moja, zungusha shafti kwa vidole, kaza la pili polepole huku ukiendelea kuzungusha. Mabano yakipishana hata milimita moja shafti itabana upya, na utadhani kutu imebaki ndani. Sasa ukikanyaga hadi mwisho na kuachia ghafla, pedeli inapiga juu. Ikirudi taratibu, usiwashe injini.

Kupima kabla ya kufungua mikono

Mkono mgumu hausemi giaboksi ni mbovu. Uzito unaweza kutoka sehemu nne: kwenye egemeo la mkono wenyewe, kwenye viungo kati ya mkono na boksi, ndani ya boksi, au kwenye magurudumu. Hiyo ya nne mafundi wengi huisahau. Gari likisukumwa au kuendeshwa kwenye lami au saruji likiwa limeunganishwa magurudumu manne, ekseli ya mbele na ya nyuma hazizunguki sawasawa, hasa kwenye kona au matairi yakitofautiana kuchakaa. Tofauti hiyo haina pa kutokea. Inajikusanya kama msokoto kwenye propela (shafti ndefu zinazopeleka nguvu kwenye ekseli) na kubana meno ya kuunganishia ndani ya transfa. Hapo hata ukipaka oili ndoo nzima kitufe cha njano hakitapanda.

Kwa hiyo tulianza na jeki. Angalizo la usalama hapa si la kupitia haraka: breki ya mkono ya gari hili haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka nyuma ya transfa. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu italiacha lizunguke na gari litatembea hata kama breki ya mkono imevutwa hadi juu. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu yaliyo chini, kila mara, na usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Tumia stendi.

Tulipoinua gurudumu la mbele kushoto, lilijizungusha lenyewe karibu robo ya mzunguko mara lilipoachana na ardhi. Msokoto ulikuwepo. Kitufe cha njano kikalegea kidogo kwa mkono, ila hakikupanda, na mkono mwekundu ukabaki vilevile. Kwa hiyo kulikuwa na sababu zaidi ya moja, na ni vizuri kujua hilo kabla ya kuanza kupiga nyundo.

Kipimo cha pili ni mizani ya ndoano, ile ya kupimia samaki. Ifunge kwa kamba chini kidogo ya kichwa cha mkono, vuta moja kwa moja, andika kilo. Mkono mwekundu: tulifika kilo 30 bila kujongea, tukaacha. Mkono mkuu wa gia kutoka katikati kuingia gia ya tatu: kilo 12. Bila namba kama hizi, baada ya kazi mtu atasema "umelainika" na mwingine atakataa, na wote watakuwa wanakisia.

Mtu asichukue bomba kuongeza urefu wa mkono. Urefu wa mkono ukiongezwa mara tatu, nguvu inayofika chini inaongezeka vivyo hivyo, na huko chini kuna fito nyembamba za kusogeza gia, uma wa kuchagulia na masikio ya bano. Kitakachovunjika hakitakuwa kutu.

Sakafu na spana

Ili kuona mikono inashikiliwa na nini, lazima utoe mabati ya sakafu na kifuniko kilicho juu ya giaboksi. Ni kazi ya uvumilivu tu. Mabati ni alumini, skrubu ni za chuma, na hewa ya chumvi imezigandisha pamoja. Safisha kichwa cha skrubu kwa ncha ya msumari, weka bisibisi inayojaa vizuri, ipige nyundo mara mbili tatu ndipo ugeuze. Zilizokataa tulizitoboa kichwa na kununua mpya. Wakati wa kurudisha, kila skrubu ipate grisi kidogo.

Kuhusu spana: bolti nyingi hapa ni za inchi. Spana 13 itaingia kwenye kichwa cha 1/2, kwa sababu 1/2 ni mm 12.7, na italegea kiasi cha kutosha kumung'unya pembe za bolti yenye kutu. Spana 14 haitaingia kwenye 9/16, ambayo ni mm 14.3. Tafuta seti ya 7/16, 1/2 na 9/16, za ringi au soketi zenye pembe sita. Spana za mdomo wazi ziache hadi bolti iwe imeshalegea.

Mafuta ya kupenya kutu tulichanganya wenyewe: ATF (mafuta ya giaboksi za otomatiki) nusu, asetoni nusu. Havishikamani, vinajitenga chupani, kwa hiyo tikisa kila unapotaka kutumia. Asetoni inashika moto haraka, inatoa rangi na kuharibu plastiki, na haifai kabisa karibu na tangi. Weka kidogo, subiri, rudia. Kumwagia nusu lita mara moja ni kupaka sakafu, kwani kinachopenya ni kile kidogo kinachovutwa kwenye mwanya. Tuliloweka jioni, tukarudia asubuhi, kisha tukagonga bolti kwa nyundo ndogo ili mtikisiko ufungue njia.

Mkono mwekundu

Mkono huu umeegemea kwenye bano lililofungwa kwa bolti kwenye nyumba ya klachi. Chini yake una kichwa cha mviringo kinachoingia kwenye mdomo wa fito ya transfa. Uzuri wa mpangilio huu ni kwamba unaweza kutoa mkono pamoja na bano lake bila kugusa mafuta ya boksi. Bolti za bano zikitoka, vuta mkono taratibu hadi kichwa kiachie fito.

Hapo ndipo uchunguzi ulipomalizika kwa dakika chache. Tulibana bano kwenye jiriwa na kuvuta mkono: haukujongea. Ulikuwa umeshikana na bolti ya egemeo, mbali kabisa na boksi. Kisha tukaijaribu fito yenyewe ya transfa. Msaidizi alishika propela ya nyuma, gurudumu moja la nyuma likiwa limeinuliwa na kabari zikiwa mahali pake, akaizungusha mbele na nyuma kidogo kidogo. Mwingine alisukuma fito kwa mpini wa mbao. Ikaingia, gololi ya ndani ikasikika ikitua kwenye kitako chake. Ikarudi, ikatua tena. Boksi ni zima.

Ukiijaribu bila mtu wa kuzungusha propela, meno yanaweza kukutana kichwa kwa kichwa na fito ikakataa ingawa haina ubaya wowote. Wengi hufungua transfa kwa sababu hiyo tu.

Bolti ya egemeo ilikuwa imeota kutu ndani ya bushi. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana mwanya wa sehemu ya kumi ya milimita unatosha kufunga kabisa. Mpangilio uliofanya kazi ni huu. Nati irudishwe hadi ilingane na mwisho wa bolti, ili nyuzi zisisagike. Kisha bolti izungushwe kabla ya kupigwa: digrii mbili kwenda, mbili kurudi, mafuta, tena. Kuzungusha kunasaga kutu, kupiga peke yake kunaikandamiza. Ilipofika karibu digrii 20 tukaibana kwenye jiriwa, soketi kubwa upande mmoja ya kupokea, soketi ndogo upande mwingine ya kusukuma.

Ikagoma katikati. Tulitumia moto, na hapa ndipo suala la matangi linaporudi: bano lilikuwa limeshatoka, likapelekwa nje, mbali na gari. Choma bano kwa nje, usichome bolti, maana unataka tundu litanuke. Likishika joto, gusisha mshumaa kwenye mwanya. Nta ikiyeyuka na kunyonywa ndani, sukuma. Bano letu ni la chuma. Kama lako ni la alumini, joto la maji ya kuchemka linatosha. Ukipitisha sana hapo unaweza kulilegeza bano lenyewe.

Bolti ilikuwa na mashimo ya kutu, ikatupwa. Bushi pia. Fundi wa mashine ya kukereza alitengeneza bushi ya bronzi, mwanya wa mm 0.05 hadi 0.10 juu ya unene wa bolti mpya. Chini ya hapo itabana siku vumbi likiingia. Juu ya hapo mkono utacheza na kupiga kelele. Tuliomba pia tundu la mm 2 na mfereji mwembamba ndani ya bushi, na nipeli ya grisi juu yake. Kiwandani haikuwepo, ila bila njia ya kuingizia grisi tutarudi hapa tena.

Kichwa cha chini cha mkono kilisuguliwa kwa msasa 400 hadi kikang'aa, kikapakwa grisi ya lithiamu namba 2. Mizani baada ya kurudisha: kilo 7, na mtu anazungusha propela.

Kitufe cha njano

Hiki ni fimbo wima yenye springi. Ukiibonyeza, inasukuma mkono mdogo ulioko juu ya nyumba ya mbele ya transfa, ambao unaachia pini ya kufungia. Kuanzia hapo springi za ndani ndizo zinazosukuma meno yaingiane. Kwa sababu hiyo kitufe kinaweza kushuka vizuri na bado magurudumu ya mbele yasiunganike hadi gari litembee kidogo na meno yalingane. Hilo si kosa.

Kilichoharibika mara nyingi ni cha nje: pini ya kufungia na egemeo la mkono mdogo ziko wazi chini ya sakafu, na kila tope linalorushwa linafika pale. Kabla ya kulegeza nati za chini ya fimbo, pima urefu wa springi ikiwa imekaa mahali pake. Yetu ilikuwa karibu mm 59. Ukiirudisha fupi zaidi, kitufe kitahitaji mwanaume wa kukibonyeza. Ndefu zaidi, hakitapanda.

Pini ya egemeo ilitoka kwa kugongwa kidogo baada ya kulowekwa, splitipini yake ikavunjikia ndani na ikabidi itobolewe. Pini ya kufungia ndiyo iliyosumbua. Huku hatukutumia moto hata kidogo. Nyumba ni ya alumini, iko kwenye gari, matangi yapo pembeni. Vitambaa vilivyochovywa kwenye maji yanayochemka vilizungushwa kwenye nyumba, vikabadilishwa mara kadhaa, huku pini ikishikwa kwa plaizi iliyovishwa kipande cha ngozi na kuzungushwa, si kuvutwa. Ikaanza kuzunguka, ndipo ikapanda.

Usiisugue pini hii hadi iwe nyembamba. Msasa 400 na mafuta, mpaka kutu itoke, basi. Ipake oili nyepesi. Grisi hapa itakusanya mchanga na kuupeleka kwenye tundu.

Kilichofuata ni jaribio la mfuatano wote, ekseli ya mbele ikiwa kwenye stendi na magurudumu ya nyuma yakiwa chini na kabari, gia huru. Mwendo wa juu, kitufe juu: propela ya mbele izunguke bure kwa mkono. Bonyeza kitufe, zungusha propela polepole: inasikika ikishika na kufunga, kwa kuwa sasa imeungana na magurudumu ya nyuma yaliyo ardhini. Vuta mkono mwekundu nyuma kuingia mwendo wa chini: propela ibaki imefungwa. Rudisha mkono mwekundu mbele kabisa: kitufe kiwe juu na propela iachie. Mara ya kwanza propela haikuachia. Tulikuta nati ya chini ya fimbo haijafika kipimo, springi ni ndefu mno. Ikarudishwa mm 59, mfuatano ukakubali.

Mkono mkuu wa gia, na klachi

Mkono huu unakaa kwenye gololi kubwa ndani ya kikombe, juu yake springi na ringi ya kuizuia. Mvua iliingia kwa kupitia mpira uliopasuka, kikombe kikawa na kutu ya unga. Toa ringi kwa uangalifu, springi ina nguvu. Tulisafisha, tukasugua gololi, tukaweka grisi yenye molibdenamu na mpira mpya. Kilo 12 zikawa 4. Ni kazi ya nusu saa, na inashangaza ni magari mangapi yanaendeshwa hivyo miaka.

Usichanganye uzito wa mkono na klachi isiyoachia. Zima injini, ingiza gia: ikiingia kwa wepesi, kisha ukiwasha injini na kukanyaga klachi ikigoma au kusaga, mkono hauna kosa. Angalia mafuta ya klachi, silinda ya juu na ya chini, na hewa kwenye bomba. Yetu ilikuwa na hewa. Baada ya kuitoa, rivasi imeacha kulia.

Mafuta ya boksi

Kwa kuwa sakafu ilikuwa wazi tulimwaga mafuta yote. Ya transfa yalikuwa na rangi ya maziwa, maana yake maji yameingia. Giaboksi inachukua karibu lita 1.5 na transfa lita 2.5, zote oili ya gia EP90, nasi tukachagua daraja la GL-4 kwa ajili ya bushi za bronzi zilizoko ndani ya giaboksi. Jaza hadi yaanze kuchuruzika kwenye tundu la kipimo, gari likiwa kwenye usawa. Ukiona kiwango cha giaboksi kinashuka na cha transfa kinapanda, sili iliyo kati yao imechoka.

Transfa tuliijaza, tukaendesha kilomita chache, tukamwaga tena. Mara ya pili yakatoka safi.

Breki ya mkono

Mnyororo wa nguvu hapa ni mrefu: mkono, rodi, kitanga cha kugeuza mwelekeo kwenye chasi, rodi ya pili, kisha kitanuzi ndani ya dramu nyuma ya transfa. Kama kawaida, tenganisha katikati. Rodi ilipobanduliwa kwenye bamba la breki, mkono na kitanga vilitembea ingawa kwa uzito. Kilichokataa kurudi kilikuwa ndani ya dramu.

Weka alama ya rangi kwenye propela na flanji yake ili irudi ilivyokuwa, fungua nati nne za 9/16, shusha propela na uifunge kwa waya isining'inie. Skrubu za dramu zilitoka kwa bisibisi ya kupiga. Dramu haikutoka kwa sababu viatu vya breki vilikuwa vimeshika. Legeza kirekebishi kabisa kwanza, kile chenye kichwa cha mraba kwenye bamba, kabla ya kuanza kugonga dramu kwa nyundo ya plastiki kuizunguka.

Ndani, vipande vya kitanuzi vilikuwa vimeganda kwenye nyumba yake. Vilitolewa, vikasuguliwa, vikarudishwa na ukungu tu wa grisi ya joto kali. Grisi ikizidi itayeyuka na kufika kwenye viatu. Pini za kitanga kwenye chasi nazo zilipata msasa na grisi.

Viatu vilikuwa vimelowa oili ya gia. Kuviosha kwa petroli hakusaidii, oili imeshaingia ndani ya bitana na itatoka breki ikipata moto. Chanzo ni sili ya shafti ya nyuma ya transfa, imebadilishwa pamoja na viatu. Kabla ya kubana sili mpya tuliangalia uso wa flanji unaosuguana nayo: kulikuwa na mfereji unaoshikwa na ukucha. Sili imesukumwa mm 2 nje ya mahali pake pa zamani ili mdomo wake ukae kwenye chuma kisicho na mfereji. Ikivuja tena, ni flanji mpya, hakuna njia nyingine.

Marekebisho: mkono ukiwa chini kabisa, kaza kirekebishi hadi dramu isizunguke, rudisha mibofyo miwili, vuta mkono kwa nguvu mara moja ili viatu vikae katikati, kisha angalia tena kama dramu inazunguka bure. Urefu wa rodi usiguswe kabla ya kirekebishi. Ukianza na rodi, kitanuzi kitakuwa kimeshaanza kutanuka mkono ukiwa chini na breki itachoma bitana barabarani.

Ilipofikia

Majaribio ya 4x4 yamefanyika kwenye njia ya changarawe, si lami, kwa sababu ya msokoto ule ule. Mwendo wa chini unaingia gari likiwa limesimama na klachi imekanyagwa, unatoka bila kubishana, na kitufe cha njano kinapanda. Mikono miwili tuliyoipima kwa mizani sasa iko chini ya kilo 8.

Ratiba tuliyoandika ndani ya mlango: grisi kwenye nipeli ya mkono mwekundu kila mwezi, matone ya oili kwenye pini ya kitufe cha njano kila baada ya kuosha chini ya gari, na mfuatano mzima wa 4x4 upitishwe angalau mara moja kwa mwezi hata kama safari haihitaji, kwani pini hii inaganda kwa kukaa kuliko kwa kutumika.

Bado breki ya mkono haijajaribiwa kwenye mwinuko mkali. Viatu vipya havijakaa sawa na dramu, na kirekebishi kitahitaji mbofyo mmoja zaidi baada ya safari za kwanza. Hadi hapo gari linaegeshwa likiwa kwenye gia, na kabari chini ya gurudumu.